Vioo Tisa vya Upande wa Mashariki

Viatu vya marehemu vilikuwa vipya, soli zake za mpira zina meno kama tairi la trekta. Inspekta alivigeuza mara mbili chini ya taa ya chumba cha maiti, akapitisha kidole kwenye mifereji yake, kisha akavirudisha kwenye mfuko wa karatasi na kuukunja mdomo.

"Mtu aliyevaa hivi anateleza vipi kwenye ngazi kavu?" aliuliza.

Sajini alikuwa amesimama karibu na mlango, kitambaa puani. "Labda alikuwa na haraka, afande. Na umri nao ulikuwa umekwenda."

"Miaka hamsini na nane ndiyo umri umekwenda? Huyu alikuwa msanifu majengo. Miaka thelathini anapanda ngazi za majengo mabovu, leo aje ashindwe na ngazi ya shule?"

Daktari alisoma karatasi yake bila kuinua macho. Kisogo kimepasuka. Mbavu sita za nyuma zimevunjika, zote kwa pigo moja. Magoti mazima. Viwiko vizima. Viganja havina hata mchubuko.

"Anayebingirika ngazini hujigonga kila mahali," alisema. "Huyu kajigonga mara moja tu. Kaanguka chali, kutoka juu. Na hiki nimekitoa kwenye kucha zake."

Alimsogezea kichupa. Ndani mlikuwa na unga mweupe na chembe za kitu laini, kama nta iliyokandwa na chokaa. Inspekta alikifungua, akanusa.

"Mafuta. Lakini mafuta ya nini?"

"Hiyo ni kazi yako. Wangu mimi ameshanyamaza."

Ilikuwa Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi. Askari wa zamu aliyefika shuleni jana yake alikuwa ameandika mstari mmoja: marehemu ameteleza ngazini. Mjane naye alikuwa ameambiwa hivyo hivyo kwa simu. Inspekta aliusoma mstari ule jana jioni na hakuupenda, kwa sababu orodha ya vitu vilivyokutwa mwilini ilikuwa na miwani, penseli mbili, futi ya chuma na tochi, lakini haikuwa na daftari. Msanifu gani huenda kupima jengo na penseli mbili bila pa kuandikia?

Ndani ya gari alimpa Sajini nakala ya ripoti waliyoitoa ofisini kwa marehemu. "Soma kwa sauti. Ukurasa wa mwisho."

Sajini alisoma. Mwaka jana msanifu alikuwa amekuta nyufa tisa kwenye kuta za upande wa mashariki wa shule. Juu ya kila ufa alibandika kipande chembamba cha kioo, ncha moja huku na ncha nyingine kule, akakikwangua namba na tarehe. Ukuta ukisogea hata kwa unene wa ukucha, kioo kinapasuka. Alitumia vioo vya maabara, vile ambavyo wanafunzi huwekea vitu chini ya hadubini, kwa sababu havina uvumilivu.

"'Ukaguzi wa mwezi huu,'" Sajini aliendelea. "'Vioo vyote tisa ni vizima. Mvua zimenyesha wiki tatu mfululizo na vyote ni vizima. Nina mashaka. Nitarudi Jumatatu bila kutoa taarifa.'" Alishusha karatasi. "Afande, mtu anaona vioo vyake vyote vizima halafu anapata mashaka?"

"Ndiyo maana nataka kuviona."

Shule ile ilijengwa kati ya vita kuu mbili, na haikuficha umri wake. Mwaka 1934 uliandikwa kwa tarakimu za zege juu ya lango. Jengo lilikuwa la ghorofa moja, refu, jeupe, na kona zake hazikuwa kona bali zilipinda taratibu kama mgongo wa kijiko. Madirisha ya fremu za chuma yalifuatana kwa mkanda mmoja kutoka upande hadi upande. Milango mikuu ilikuwa miwili, mmoja juu yake WAVULANA na mwingine WASICHANA, ingawa siku hizi kila mtu alipita alipotaka. Kwenye mnara wa ngazi kulikuwa na madirisha matatu ya duara, moja juu ya jingine. Paa lilikuwa bapa. Ukitazama ukuta wote ule mweupe hukuona bomba, mfereji wala waya.

Mwalimu mkuu aliwapokea mlangoni. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushee, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi mweusi.

"Karibuni. Nawaomba tu tuongee chini chini. Darasa la mwisho wako kwenye mtihani, huko juu."

"Juu upande gani?"

"Mashariki. Ndiko kwenye vyumba vikubwa."

Waliingia ofisini. Inspekta hakuketi.

"Jumatatu ulimwona marehemu?"

"Hapana. Hakutoa taarifa kwamba anakuja. Mimi niliondoka saa kumi na moja."

"Nani alimfungulia?"

"Mtunza jengo. Sote tunamwita Mzee Funguo. Funguo zote anazo yeye, hata ya ofisi hii. Na ndiye aliyemkuta jana asubuhi chini ya ngazi, maskini."

"Nasikia jengo linataka kuandikishwa kuwa urithi wa taifa."

"Kamati inakuja Ijumaa." Mwalimu mkuu alinyoosha karatasi zilizokuwa zimenyooka tayari. "Tumelisubiri jambo hili miaka sita. Likiandikishwa, hakuna atakayeweza kulibomoa. Na jengo ni imara, marehemu mwenyewe amesema. Vioo vyote vizima."

"Sijakuuliza habari za vioo."

Kutoka juu ilisikika sauti ya kiti kikisogezwa.

"Kila mtu hapa anajua habari za vioo, Inspekta. Wanafunzi huvihesabu wakipita." Alivaa miwani, akaivua. "Kama mnatafuta mtu aliyekuwa na neno na marehemu, Jumamosi mkandarasi alimfokea pale getini mbele ya walimu. Yeye anataka hili livunjwe ajenge maghorofa. Alimwambia, 'Utakuja kujuta na hizo takataka zako za vioo.' Maneno hayo hayo."

Macho ya Sajini yaliwaka. Walipotoka ushorobani alikuwa ameshashika simu.

"Huyu ndiye, afande. Sababu anayo, mdomo anao."

"Mtafute. Muulize Jumatatu jioni alikuwa wapi, na usimtishe. Ukimaliza pita getini, uangalie daftari la magari."

Mzee Funguo, Inspekta alimkuta akipangusa kitasa ambacho hakikuwa na vumbi. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini, mwembamba, ovaroli ya buluu imepigwa pasi, na shada la funguo kiunoni lililomtangulia kwa sauti kila alipokwenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unataka kuona alipokufa."

"Nataka kuona jengo kwanza. Naambiwa hakuna anayelijua kama wewe."

Uso wa mzee ulilegea kidogo. Alimtembeza. Alimwonyesha sakafu ya terazo, vile vipande vidogo vya mawe vilivyomwagwa na kusuguliwa mpaka vikang'aa. Alimwonyesha matundu ya kupitishia hewa chini ya madirisha, ambayo yalifanya vyumba viwe baridi hata saa saba mchana. Marehemu baba yake, alisema, alikuwa kibarua wa kukoroga zege hapa, na kazi ilipokwisha akaachwa awe mlinzi. Yeye mwenyewe alizaliwa kwenye kile kibanda nyuma ya maktaba.

"Kuna kitu kinanisumbua," Inspekta alisema. "Paa ni bapa. Mvua ikinyesha, maji yanakwenda wapi? Sioni bomba."

Mzee alicheka kwa raha. "Hapo ndipo wengi hukwama! Yule aliyechora alichukia mabomba. Alisema yanachafua uso wa jengo. Basi akayaficha ndani ya nguzo. Hizi zote unazoziona zina tumbo, na ndani ya tumbo mna bomba la chuma. Maji yanashuka humo humo mpaka chini ya ardhi. Mtu hayaoni."

"Tangu 1934?"

"Tangu 1934."

"Na bomba likitoboka ndani ya nguzo, mtu analijuaje?"

Mzee alishika funguo zake zisilie. "Halitoboki," alisema.

Ukumbi wa upande wa mashariki ulikuwa mrefu kwenda juu, wazi kutoka sakafuni hadi paani. Ngazi ya mviringo ilipanda kwenye mnara wake na kufikia roshani ya ndani iliyozunguka ukumbi, na kwenye roshani ndiko milango ya madarasa ilikofungukia. Reli ya chuma iliyopakwa rangi nyeupe ilizuia watu wasianguke. Kimo kutoka roshani hadi sakafu, Inspekta alikipima kwa macho, kilikuwa kama mita tano.

Hakwenda kwenye ngazi. Alisimama katikati ya ukumbi na kuinama. Sakafu yote ilikuwa safi, lakini mahali pamoja, chini kabisa ya roshani, paling'aa kuliko pengine. Palikuwa duara, pana kama meza ya watu wanne.

"Hapa pamesuguliwa lini, mzee?"

"Nasugua kila siku."

"Kila siku duara moja?"

"Mtu huanza mahali, mwanangu. Jana sikumaliza. Na mambo yaliyokuwepo jana unayajua."

Lilikuwa jibu zuri. Inspekta aliliandika, akachora na duara, akapima kwa hatua umbali hadi ngazi ya mwisho alipokutwa marehemu. Hatua kumi na moja. Kisha akapanda. Vidato ishirini na viwili, kila kimoja na ukanda wa chuma wenye mikwaruzo ukingoni ili mguu usiteleze. Aliburuza kiatu chake cha ofisini kwenye ukanda wa kidato cha kumi. Hakikwenda popote.

Juu kulikuwa kimya cha mtihani. Kupitia kioo cha mlango aliona vichwa vimeinama, mwalimu akizunguka kwa soksi ili viatu visilie.

Kioo namba moja kilikuwa kando ya mlango wa kwanza. Kilikuwa chembamba, kiangavu kama maji, kimeshikwa na plasta ngumu pande zote mbili. Aliigusa plasta kwa ukucha. Mwamba. Tarakimu ya saba kwenye tarehe ilikatwa katikati kwa kistari. Kioo namba mbili, vivyo hivyo. Na namba tatu.

Kwenye namba nne alisimama. Akatoa lenzi mfukoni.

Kioo hiki kilikuwa kinene zaidi, na ukikitazama ubavuni kilikuwa na rangi ya kijani kibichi iliyofifia. Ndani yake mlikuwa na kipovu cha hewa, kidogo kama punje ya ufuta. Saba yake haikuwa na kistari. Alibonyeza kwa ukucha kile kilichokishika, na ukucha ukazama. Alinusa kidole. Ilikuwa ile ile harufu ya kichupa cha daktari, na safari hii aliijua: mafuta ya kitani, yanayokandwa na unga wa chokaa kupata ule ute mzito ambao mafundi hubandikia vioo vya madirisha.

Namba tano, kijani. Namba sita, kijani. Saba, nane na tisa, kijani, na tisa ilikuwa laini kuliko zote.

Aligeukia dirisha la roshani. Vioo vyake vilikuwa vya zamani, vya tangu jengo lijengwe, na kila kimoja kilifanya mawingu ya nje yayumbe kidogo. Alisogeza lenzi. Vipovu vya hewa, vidogo kama punje za ufuta.

"Dirisha likivunjika hapa, mzee, nani anaweka kioo kingine?"

"Mafundi wa siku hizi hawawezi kazi hii," Mzee Funguo alisema. Alikuwa amebaki kwenye ngazi, mkono ukutani. "Wanakata kama wanakata mkate."

"Kwa hiyo unakata wewe."

Mzee aliushusha mkono kutoka ukutani.

Sajini alikuja juu akipumua kwa nguvu, akaelekea kwenye reli aiegemee apate pumzi.

"Usiguse hiyo!"

Mkono wake uliganda hewani. Inspekta alipiga magoti pale reli ilipoingia kwenye nguzo, karibu na mlango wa tatu. Rangi ilikuwa mpya. Alibonyeza kwa kidole gumba na rangi ikabonyea kama ganda la tunda bovu, kisha akachokoa kwa kalamu. Chini ya rangi mpya kulikuwa na ule ute, chini ya ute kulikuwa na rangi nyingine, kavu kidogo, na chini yake ute mwingine wa zamani ukiwa na alama nne za kucha, zimepenya rangi hiyo ya pili na kukwangua kutoka ndani kwenda nje. Bolti mbili za chuma zilikuwa zimechomoka kwenye nguzo kwa urefu wa vidole viwili. Hazikushika kitu. Reli yote ile ilikuwa imesimama kwa nguvu ya ute wa madirisha.

Sajini alirudi nyuma hatua tatu. "Mama yangu."

"Mkandarasi?" Inspekta aliuliza bila kugeuka.

"Hayumo, afande. Jumatatu kuanzia saa tisa alikuwa hospitali, mkewe kajifungua mapacha. Wauguzi watatu wanamkumbuka vizuri kwa sababu alizimia, ikabidi naye alazwe." Alifungua daftari lake. "Lakini getini kuna neno. Gari la mwalimu mkuu limetoka saa kumi na moja kamili, kama alivyosema. Limeingia tena kumi na moja na dakika arobaini. Limetoka saa moja na robo."

"Muite."

Mwalimu mkuu alipanda akiwa na tabasamu la wageni, lakini lilikatika alipoona ganda la rangi sakafuni. Inspekta aliongea kwa sauti ya chini, kwa ajili ya wale waliokuwa nyuma ya mlango.

"Vioo sita kati ya tisa vimebadilishwa. Vimekatwa kwenye kioo cha dirisha la jengo hili hili. Maana yake vile vya mwanzo vilipasuka na mtu hakutaka ijulikane. Ukuta unasogea. Bolti za reli zimechomoka kwa sababu nguzo imesogea, na mtu akaziba, akapaka rangi. Jumatatu msanifu aliegemea reli hiyo. Aliangukia pale penye duara linalong'aa, si chini ya ngazi. Mtu mmoja wa miaka sabini hawezi kuburuza mwili hatua kumi na moja peke yake. Mzee, nani alikusaidia?"

Mzee Funguo alifungua mdomo.

"Baba, usiseme kitu," mwalimu mkuu alisema.

Neno lilishamtoka. Aliweka mkono mdomoni, lakini Sajini alikuwa ameshaacha kuandika, akamtazama yeye, kisha mzee, kisha akarudi kwake. Pua ilikuwa moja. Na ile namna ya kusimama, uzito wote kwenye mguu wa kushoto, ilikuwa moja.

"Hapa shuleni ni Mzee Funguo," mwalimu mkuu alisema polepole. "Aliomba mwenyewe. Hakutaka watu waseme mtoto wa mfagizi amepewa shule kwa upendeleo. Nimezaliwa kwenye kibanda kile kile alichozaliwa yeye."

"Ulijua habari za vioo?"

"Mpaka Jumatatu sikujua. Naapa. Alinipigia simu analia, anasema mgeni ameanguka. Nilipofika alikuwa ameshakata roho. Nikaiona ile reli inaning'inia. Nikafikiria Ijumaa. Ni siku nne tu zimebaki, nikajiambia. Amekufa tayari, na kumhamisha hakumuui mara ya pili. Tukiandikishwa, serikali italazimika kulitengeneza. Nilipanga kusema Jumamosi."

"Na leo umeweka mtihani huku."

"Ningeuhamisha, wangeniuliza kwa nini."

Ndipo kikasikika kitu. Kilikuwa kidogo, kikavu, kama mtu aliyekata ukucha. Wote wanne waligeuza vichwa. Kwenye kioo namba mbili, kile chembamba cha marehemu mwenyewe, palikuwa na mstari uliokitenga vipande viwili, na mstari ule haukuwepo dakika kumi zilizopita.

"Watoe," Inspekta alisema.

"Wamebakiza dakika arobaini..."

"Mwalimu! Watoe wanafunzi."

Mwalimu mkuu alitazama kioo, akamtazama baba yake. Halafu alivaa miwani yake na kufungua mlango, na sauti iliyomtoka haikuwa na mtetemo hata kidogo.

"Wekeni kalamu chini. Acheni karatasi zilipo. Tunatoka kwa ngazi ya magharibi, mstari wa dirishani kwanza. Hakuna kukimbia, hakuna kuegemea reli, tembea ubavuni mwa ukuta. Wewe, acha begi. Nimesema acha."

Chumba cha pili, vile vile. Chumba cha tatu. Sajini alisimama mbele ya reli mikono kaitanua, akiwapitisha kama mchunga mbuzi. Dakika sita zilitosha. Mwalimu mkuu alikuwa wa mwisho kutoka. Alichungulia chini ya madawati ya kila chumba, akahesabu mlangoni, na alipofika uwanjani akahesabu tena.

Mhandisi wa serikali alifika saa sita na mafundi wawili. Walitoboa nguzo ya mlango wa tatu kwa chini na maji meusi yakatoka, maji ya mvua ya wiki iliyopita. Bomba ndani yake lilikuwa limeliwa na kutu hadi limebaki kama wavu. Mhandisi alilala kifudifudi, akaingiza mkono chini ya msingi mpaka bega likagusa zege, na hakugusa udongo. Ulikuwa umeshaoshwa wote.

Alipoinuka alijipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Msiniulize kwa nini bado imesimama," alisema. "Fungeni upande huu. Mtu asiingie, hata paka."

Maelezo waliyachukua upande wa magharibi, kwenye stoo ya Mzee Funguo. Kila kitu kilikuwa mahali pake: misumari kwa ukubwa, brashi kwa upana, kikata kioo ndani ya soksi. Mzee mwenyewe alikwenda kwenye rafu, akainua rundo la magunia na kumkabidhi Inspekta daftari lenye jalada gumu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Jumatatu, kwa penseli. *Namba 4 si changu. Namba 5 si changu. 6 si changu.* Hadi tisa. Chini yake: *Mzee anajua.*

"Kwa nini hukulichoma?" Sajini aliuliza.

"Lina michoro ya jengo," mzee alisema. "Ameichora vizuri."

Aliongea bila kusukumwa. Kioo cha kwanza kilipasuka miezi mitano iliyopita na akadhani ni mtoto amekigonga. Akaweka kingine, kwa aibu tu, kama mtu anavyorudisha kikombe alichovunja kwa jirani. Kilipopasuka cha pili alijua si mtoto. Kufikia cha nne alikuwa ameshazoea. Reli aliiziba mwezi uliopita. Aliwakataza wanafunzi kuiegemea, akawafokea kila walipoigusa, na kwake yeye hilo lilitosha. Jumatatu msanifu alipanda kabla mzee hajawahi kumkataza.

Mjane alifika saa tisa. Inspekta alikuwa amempigia mwenyewe na kumwambia kwamba lile la kuteleza halikuwa kweli. Alikuja na shemeji yake, lakini alimwacha kwenye gari, akaingia peke yake, kanga nyeusi mabegani, akasimama mlangoni mwa stoo akiwatazama baba na binti waliokaa kwenye benchi moja bila pingu. Sajini alikuwa ameziweka mfukoni na hakuna aliyemwambia azitoe.

"Nimewaambia wanangu baba yao aliteleza," alisema. "Mdogo ameniuliza kwa nini hakuangalia anapokanyaga. Nikamjibu kwamba wakati mwingine watu wazima nao ni wazembe. Nimemwambia hivyo juu ya baba yake."

Mwalimu mkuu aliinamisha kichwa. "Nisamehe, dada."

"Sijaja kwa hilo." Alimgeukia mzee. "Ni wewe uliyekuwa naye?"

"Ni mimi, mama."

"Alisema nini mwisho?"

Mzee Funguo aliinuka. Alijaribu kuweka mikono kiunoni palipokuwa na funguo, lakini Inspekta alikuwa ameshazichukua, na mikono ikabaki inaning'inia.

"Hakunigombeza. Nilidhani atanigombeza. Aliniuliza swali tu. Aliniambia, 'Mzee, upande huu wanakaa watoto wangapi?' Halafu akarudi nyuma hatua moja ili aitazame nguzo vizuri."

"Ukamjibu?"

"Sikuwahi."

Mjane alisogea mpaka wakawa wanatazamana kwa karibu. Hakupaza sauti.

"Basi nijibu mimi."

"Mia moja na themanini na wawili."

"Na jana asubuhi, yeye akiwa amelala pale chini na wewe unayajua yote haya. Walikuja wangapi?"

Mzee alimtazama binti yake, lakini binti yake alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili.

"Tulisubiri polisi wamwondoe," alisema. "Saa tatu nikawafungulia mlango. Wote."